Vidole Vinne Pungufu

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba kwa ile shikamoo uliyoitupa kwenye simu ukakata kabla sijaipokea. Sisi hatujambo. Bibi yako anakula vizuri. Mkono wa kulia bado haumsikii, lakini kiharusi kilimpita mdomo: juzi amemwambia daktari kwamba ana miguu ya kuku, na daktari amecheka kwa sababu ni kweli. Cherehani mbili ziliniharibikia mota, moja nimeitengeneza mwenyewe. Wasichana wangu wanne wa kushona wanakusalimia. Mmoja anakusalimia kuliko wenzake, na mimi nimeliona hilo.

Nakuandikia badala ya kukupigia, na sababu unaijua tangu uko kwangu unasoma. Maneno ya simu hayana mwenyewe. Barua naiweka kwenye mkebe wa vifungo, na siku mtu akinigeuka naitoa namwekea mezani.

Jambo lenyewe ni ua wa nyuma. Chumba cha kushonea kimekuwa tanuri. Bibi anashinda humo na sisi kwa sababu hataki kukaa peke yake, na saa nane mchana uso wake unakuwa kama umepakwa mafuta. Nimekata shauri kufunika ua, ili mashine zitoke nje na kiti chake kikae pale ukutani. Sasa nisikilize vizuri. Bibi yako akikaa hainuki mpaka ainuliwe na watu wawili. Kitu chochote nitakachoweka juu ya kichwa chake lazima nikijue kama ninavyomjua yeye.

Wamekuja mafundi wawili. Wa kwanza wanamwita Spana. Anataka kuniwekea nguzo za chuma na mabati, na anaongea kuanzia getini hadi jikoni bila kumeza mate. Wa pili ni mpole mno, hata jina wanamwita Mpole. Anataka kuweka alumini tupu, nguzo, boriti na paa, na akiulizwa swali anatazama viatu vyake. Mmoja anasema sana, mwingine hasemi, na mimi nawashuku wote wawili.

Huyu Mpole amesema alumini yake anaichukua kiwandani kwenu, na ametaja kwamba ana habari wewe uko huko. Nani kamwambia? Niandikie ipi ni bora na nitaijuaje, wewe ndiye unayekagua hivyo vitu kutwa nzima.

Shangazi yako


19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hii itakukuta na afya, na Bibi pia, na daktari awe amepata suruali ndefu. Mimi mzima. Kifua kilinibana wiki moja kwa sababu ya vumbi la misumeno, sasa kimeachia. Habari nyingine ni kwamba nimepewa meza yangu. Zamani nilikuwa nakagua nimesimama, sasa naandika nimekaa, na kuna dirisha linalotazama geti. Mwambie yule anayenisalimia kuliko wenzake.

Kuhusu ua, chukua alumini. Mabati ya Spana yatakupigia ngoma kila mvua ikinyesha, na nguzo za chuma zitaanza kutu pale chini zinapoingia kwenye zege, mahali ambapo hamtaona hadi siku zitakapokatika. Lakini alumini nayo ziko aina mbili, na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Kuna boriti ya karatasi iliyokunjwa: wanachukua bamba jembamba, wanalikunja kama bahasha, wanaliziba upande mmoja. Ukiigonga inalia kama debe. Na kuna boriti iliyokamuliwa nzima kwenye mashine, haina mshono popote, na inatoka na mita sita kamili. Hiyo ndiyo tunayotengeneza sisi. Tazama ndani yake kwenye ncha. Ukiona mshono, mfukuze fundi.

Nimekufungia kipande kizuri ndani ya soksi, usishangae, soksi ni safi. Kilinganishe na zitakazoletwa. Unene wa ukuta wake uwe uleule. Sumaku isishike, ikishika hiyo si alumini, ni chuma kimepakwa rangi. Rangi iwe ile ya unga inayookwa juu ya alumini, ukiikwaruza kwa ukucha isitoke. Na skrubu, Shangazi, hizo wengi hawaziangalii. Ziwe za chuma kisichoshika kutu na ziwe na pete za mpira chini yake, maana chuma cha kawaida kikigusana na alumini kwenye unyevu vinakulana. Boriti ya ukutani ifungwe kwenye mkanda wa zege, isifungwe kwenye plasta. Plasta ni uso tu.

Mpole simjui zaidi ya kumuona getini akipakia. Sijui nani alimtajia mimi. Lakini mali ni ya kwetu, na ya kwetu naikagua mwenyewe, kwa hiyo mchukue yeye. Ukiwa chini ya paa hilo ni kama uko mkononi mwangu.

Wako


11 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilifika na soksi yake. Bibi ameivaa. Anasema mguu mmoja wenye joto ni bora kuliko miwili yenye baridi, kwa hiyo usiidai. Yule msichana nimempa habari za meza yako. Amesema "hongera yake" kwa sauti ya mtu asiyejali, kisha akashona mkono wa shati kwenye shingo.

Ua umefunikwa. Mpole alikuja na wenzake wawili, wakamaliza kwa siku nne, na mimi nilikaa kwenye kigoda kuanzia boliti ya kwanza hadi ya mwisho. Sumaku ya mkoba wangu haikushika. Nimetazama ndani ya ncha, hakuna mshono. Nimechukua kile kipande chako nikakiweka kwenye mizani ya duka la jirani, nikapima na kipande cha kwao cha urefu uleule, uzito haukupishana. Unene sawa. Rangi niliikwaruza mpaka ukucha ukaniuma. Skrubu zina mpira. Mkanda wa zege aliutoboa, niliona unga wa kijivu ukitoka, wala si ule mweupe wa plasta. Hata Spana, aliyekuja bila kuitwa kutazama kazi ya mwenzake, alizunguka mara mbili na kukosa kasoro ya kutaja, na hilo halijawahi kumpata.

Bibi sasa anakaa nje kuanzia saa tatu asubuhi. Paa lile analiita hoteli. Anaita wapita njia waje waagize soda.

Haya, sasa hili moja. Boriti ni sita. Uliniandikia kwamba kiwandani zinatoka na mita sita kamili. Nimezipima kwa futi yangu ya kushonea, na unajua futi yangu haidanganyi. Kila moja imepungua vidole vinne. Sikusema moja, nimesema zote sita, vidole vinne, sawasawa kama zimepimwa. Mpole ameingiza nguzo ndani kidogo ili zifike. Na ncha zake hazifanani. Upande mmoja umekatwa laini, huo ni wa mashine. Upande wa pili una meno ya msumeno wa mkono.

Nilimuuliza Mpole. Alitazama viatu vyake, kisha akatazama juu, kisha akasema anakwenda kununua maji. Mtu mwenye jibu haendi kununua maji. Machale yamenicheza. Nijibu haraka.

Shangazi yako


6 Aprili

Shikamoo sana Shangazi yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi, kuna hesabu za mwezi, halafu mwenzangu wa zamu aliumwa. Natumaini nyote wazima. Bibi hajambo? Nimemtumia kitenge kwa mkono wa jirani anayekuja huko, chenye maua makubwa kama anavyopenda, na pea nzima ya soksi. Wasichana nao? Yule mmoja aliumaliza ule mkono wa shati? Mwambie nimecheka sana.

Kuhusu zile boriti usiwe na wasiwasi. Alumini hutanuka kwenye joto, kwa hiyo mafundi hupunguza kidogo ili isisukume ukuta. Ni kawaida. Mpole si msemaji tu, kama ulivyosema.

Nina haraka. Nitakuandikia ndefu siku nyingine.

Wako mtiifu


15 Aprili

Mwanangu,

Kitenge kimefika. Kizuri mno, tena cha bei, na hata sikukuu haijakaribia. Hivyo ndivyo nilivyoanza kukushuku.

Tangu ukiwa na miaka kumi, ulipokuja kukaa kwangu baba yako alipofariki, hujawahi kuniita "shangazi yangu mpendwa". Ukivunja sahani ulikuwa unaniletea maji ya kunywa nisiyoyaomba. Barua yako ya mwisho imejaa maji ya kunywa.

Unasema joto. Nimekata nguo miaka thelathini na moja, na pamba hurudi ikifuliwa, kwa hiyo naacha nafasi. Lakini naacha nafasi kwa kadiri nguo inavyorudi. Siachi vidole vinne kwa kitambaa kinachorudi kwa upana wa sindano. Jumapili, jua likiwa utosini, niliweka ngazi nikapima tena, na alfajiri yake nilikuwa nimepima. Tofauti yake ni nywele. Sasa vidole vinne vya nini?

Kisha nikafanya jambo jingine. Nilivuta uzi mweusi kutoka ncha hadi ncha chini ya boriti ya kati, nikaukaza. Kabla ya mvua uzi uligusa boriti yote. Baada ya mvua ya kwanza boriti ilikuwa imelala juu ya uzi, ikausukuma kwa unene wa kifungo. Baada ya mvua ya Alhamisi, vifungo viwili. Na hairudi juu maji yakikauka. Nikachukua kile kipande ulichonitumia, nikakikandamiza kwa ncha ya msumari kwa nguvu zangu zote. Alama ilikuwa kama ya mbu. Nikafanya hivyohivyo kwenye boriti, msumari ukazama. Uzito mmoja, unene mmoja, sura moja, na bado si kitu kimoja. Hilo hukuniambia nilipime.

Spana amenisaidia kufungua vifuniko ambavyo Mpole alizibia ncha za boriti. Tano hazina kitu. Ya sita aliyeikata alikosea, msumeno ulipita juu ya alama na kuacha nusu yake. Nimeweka karatasi juu yake nikasugua kwa penseli, kama ulivyokuwa ukifanya na sarafu utotoni. Karatasi hiyo iko humu ndani. Naona nusu duara na mkwaju ndani yake. Ni alama gani hiyo?

Bibi bado anakaa pale chini. Nimesogeza kiti chake kikae karibu na nguzo, lakini chini ya paa ni chini ya paa. Analalamika kwamba namhamisha kila siku kama sufuria.

Shangazi yako


24 Aprili

Mwanangu,

Jana saa nne asubuhi umepiga simu. Umesema, "Mtoeni Bibi pale. Sasa hivi, na nyie msikae." Ukakata. Nimekupigia mara sita hukupokea.

Tumemtoa. Tulimbeba mimi na wasichana wawili pamoja na kiti chake, na alitutukana njia nzima kwa sababu alikuwa katikati ya kunywa chai. Mashine tumezirudisha chumbani. Nilipomlaza alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima akaniuliza, "Kuna nini pale?" Nikamwambia sijui. Sijawahi kumwambia mama yangu sijui kuhusu kitu nilichomwekea mimi mwenyewe juu ya kichwa.

Nimekasirika na nimeogopa, na hofu ndiyo kubwa. Neno moja la simu halitoshi. Niandikie.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi,

Sijui niamkie vipi. Shikamoo. Asante kwa kumtoa.

Ile alama ni yangu. Kile chuma cha kuigonga nilikichonga mwenyewe kutoka kwenye tupa iliyokufa, hapa kiwandani hakuna mwingine mwenye nacho. Naigonga kwenye boriti iliyokataliwa, ili irudi ikayeyushwe.

Boriti ikishakamuliwa huwa bado laini. Inaingizwa tanurini, inakaa humo saa kadhaa mpaka inaiva, hapo ndipo inakuwa ngumu. Mwaka jana tanuri liliharibika, na kwa wiki tatu boriti zilitoka mbichi. Kwa macho huwezi kuzijua. Sumaku, mizani, ukucha, vyote nilivyokuambia vitakwambia ni nzima. Mbichi inajulikana kwa kukandamizwa na ncha tu, na hilo sikukuandikia kwa sababu sikutaka hata kulifikiria. Ikipata mzigo inapinda na inabaki imepinda, na siku mzigo ukizidi inakunjika. Zilikuwa zaidi ya mia. Nilizigonga zote mwenyewe.

Kisha Msimamizi wangu aliniletea karatasi ya geti iliyoandikwa "skrepa", yaani mabaki ya kuyeyushwa. Nilitoka kukagua lori. Boriti zilikuwa ndefu, zimepangwa moja moja, na juu yake kuna turubai. Mtu anayepeleka skrepa ikayeyushwe haifuniki kwa turubai isipate mikwaruzo. Niliona, Shangazi. Nilisimama pale na kalamu na niliona. Nikatia saini. Mwezi uliofuata nikapewa meza na dirisha.

Sikujua kwamba anayezinunua ni Mpole. Nilijua tu kwamba sitaki kujua. Uliponiambia vidole vinne nilijua, maana chapa yangu naigonga ndani ya vidole vinne vya mwisho, upande mmoja tu. Wanakata hapo na boriti inakuwa safi. Hadithi ya joto niliitunga. Nilikaa wiki tano nikijiambia labda ni sadfa. Karatasi yako ya penseli ilipofika niliiweka mezani, nikaweka chapa yangu juu yake, ikakaa.

Na ujue kwa nini naigonga pembeni badala ya katikati. Uliponifundisha kukagua vitambaa, ulisema alama ya kasoro huwekwa kwenye pindo, usiharibu mita nzima, labda kutapatikana leso humo. Nilifikiri hivyohivyo. Labda kutapatikana kipande cha kutundikia taulo. Sikulaumu, nakueleza tu.

Shusheni paa lote. Msiwaachie akina Mpole, mwite Spana. Gharama ni yangu. Na naomba sana, ukishaisoma barua hii ichome. Msimamizi akijua nimeiandika nimekwisha.

Mimi


8 Mei

Mwanangu,

Bibi hajambo. Wasichana wameshona mashuka manne ya zamani kuwa kivuli, tumefunga kamba kwenye ukuta na kwenye papi za dirisha, yuko chini yake. Kikianguka kitamfunika tu, na yeye anasema afadhali, atapata usingizi. Mwenzio wa mkono wa shati ameniuliza kama unaumwa. Nimemwambia ndiyo.

Spana ameshusha paa jana. Alilaza ile boriti ya kati juu ya matofali mawili, akapanda juu yake yeye peke yake, naye ni mwembamba kama uzi. Ilikwenda chini polepole bila kelele yoyote, ikabaki pale. Kisha akalaza kile kipande chako kidogo akakirukia, kikamrudisha. Mimi nilikwenda chumbani nikafunga mlango nikalia, maana nilikuwa naiona shingo ya mama yangu.

La pindo ni kweli, nilikufundisha. Ila kitambaa chenye kasoro kikimponyoka mtu kinampa shati baya, hakimvunji mgongo. Ningepaswa kukufundisha na hilo, na sikujua kwamba siku moja utakuwa unakagua vitu vya kukaa chini yake. Hapo nina fungu langu na nalibeba. Saini siibebi. Hiyo uliisimamia mwenyewe na kalamu mkononi.

Barua sikuichoma. Iko kwenye mkebe wa vifungo. Usinipigie magoti, sikuiweka ili nikufunge. Nimeiweka kwa sababu ya hili ninalokuuliza sasa.

Nilimfuata Mpole kwake. Mke wake alikuwepo, kwa hiyo hakuweza kwenda kununua maji. Amesema amefunika nyua kumi na moja kwa mali ile, mbili huku kwetu na tisa huko mjini kwenu. Kwa Bibi ulipiga simu. Ulipata karatasi saa ngapi, na ulipiga baada ya dakika ngapi? Naamini hata hukukaa kwenye kiti. Sasa hizo nyumba kumi zilizobaki, mwenye kuwapigia simu ni nani? Nao wana mama zao.

Nakupa hadi mwisho wa mwezi huu. Ukiwa hujaenda, nitakwenda mimi na barua yako mkononi, nyumba kwa nyumba, nitaisoma kwa sauti. Nakupenda, na nitaisoma.

Shangazi yako


31 Mei

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, utaipata leo hiihii jioni. Salamu kwa Bibi. Nimefurahi kuhusu mashuka.

Nilikwenda kwa mwenye kiwanda na daftari la geti. Nilidhani atapiga kelele. Alisoma kurasa tatu, akafunga mlango, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema shangazi yangu, na ana barua. Msimamizi amesimamishwa, na mimi nimefukuzwa, kwa sababu saini ni yangu. Ni haki. Kitu kibaya ni kwamba hawataki kuwaandikia wateja. Wanasema wakiandika watakuwa wamekiri. Kwa hiyo nakwenda mwenyewe, Mpole amenipa orodha, nadhani mke wake alimlazimisha.

Huku mjini nyumba ni tisa. Nne wamenisikiliza. Nilichukua msumari na kipande kingine kizuri, nikawaonyesha, wakaona. Watatu wameshashusha. Mmoja anasubiri kijana wake arudi, lakini ameondoa viti. Ile moja ya huko kwenu, ya fundi viatu, Mpole amekwenda mwenyewe kuishusha.

Tano hawanisadiki. Wananiuliza, "Umetumwa na nani?" Nikisema kiwanda, wanaomba kitambulisho, na sina tena. Nikisema nimejituma, wanacheka. Mmoja amesema nimetumwa na muuza mabati. Mwingine amesema natafuta kuingia uani nione palivyo nije kuiba. Nyumba ya mwisho ndiyo inayonikosesha usingizi. Niliona kupitia nafasi ya geti, boriti ya kati imeshuka kuliko yako. Chini yake kuna meza ndefu ya kulia chakula na viti kumi na viwili, kimoja cha mtoto mdogo, kile chenye miguu mirefu. Niligonga siku tatu. Siku ya tatu baba mwenye nyumba alitoka na rungu. Alisema nikirudi ataita watu. Sasa hivi mvua hakuna, bado kuna muda, lakini juzi kulikuwa na mawingu na mimi nilikuwa barabarani nayatazama kama mgonjwa.

Shangazi, nimezoea kuaminiwa. Nilikuwa na meza na muhuri, nikisema boriti nzima watu wanapakia. Sasa nasema kweli na hakuna anayefungua geti. Sijui nifanye nini. Sikuombi pesa, wala sikuombi uniombee kazi. Nakuomba uniambie la kufanya.

Mwanao


1 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika jana saa moja jioni. Hii naipa dereva yuleyule, ili ujue kabla sijafika.

Bibi anabaki na wasichana. Mwenzio atalala hapa, amejitolea mwenyewe kabla sijamaliza kumwambia, na Bibi amemwita mkwe mbele ya watu wote. Hilo utalishughulikia wewe.

Nakuja kwa basi la kesho. Nimefunga mkebe wa vifungo na barua zote, uzi mweusi, futi yangu, na kipande cha boriti kilichopinda, Spana amenikatia urefu wa mkono. Wanaomshuku mtu nawajua jinsi ya kuzungumza nao, maana mimi ni mmoja wao. Miaka yote hii sijamwamini fundi, wala muuza vitambaa, wala daktari, na wewe nimekushuku kuliko wote kwa sababu wewe ndiye ungeweza kuniumiza. Sasa nakuamini. Nimeandika kwa kalamu, iweke.

Usiguse tena lile geti mpaka nifike. Tutagonga pamoja. Wakiuliza umetumwa na nani, utanyamaza, mimi nitasema: huyu ndiye aliyetia saini boriti zenu zipite, na mama yangu amekaa chini ya kama hizo wiki sita, na huyu ni mwanangu, nimemlea mimi. Wakitoa rungu watatoa. Sisi tutakaa hapo nje ya geti lao, na kila anayeingia kula kwenye meza ile tutamwambia.

Shangazi yako